Kipande cha Nne Kilikuwa Gatongora

Hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Nimemvuta ndama aliyekuja kwa miguu ya nyuma nikiwa nimevaa suti ya harusi, na harusi yenyewe ilikuwa yangu. Niliacha shule darasa la sita, na leo watu wenye digrii wananiletea barua za kuomba kazi, nazisoma polepole nikiwa nimekunja mguu. Kwa hivyo wiki iliyopita, nilipoketi chini ya hema huko Gatongora kwa matanga ya Barasa, sikutarajia lolote jipya. Barasa alikuwa mtu wangu wa kwanza kazini, na nilikuja kuketi na jamaa zake kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao magharibi. Chai ilikuwa ya moto, viti vilikuwa vya plastiki, na redio kubwa ya spika tatu, ile watu huita wufa, ilikuwa mlangoni ikipiga nyimbo za kanisa. Nyuma yangu wanaume wawili waliniongelea kama mtu asiye na masikio.

"Huyo wa koti ndiye Karanja wa ng'ombe. Si ndiye alimnunulia Barasa hii ploti?"

"Ploti gani? Alimpea laki tano kwa mkono. Ilikuwa ni ile maneno ya kompyuta."

"Laki tano peke yake? Na vile Barasa alimtoa shimoni? Hawa matajiri wa Thika ni wagumu, ndugu yangu."

Sikugeuka mara moja. Nilimaliza chai yangu. Lakini maneno hayo yamenisumbua tangu siku hiyo, na kwa sababu Barasa hayuko wa kuwajibu, nitajibu mimi, kwa kirefu. Nitaandika mwaka ule wa kompyuta jinsi ulivyokuwa, na mwisho nitataja bei.

Wakati huo ofisi yangu ilikuwa Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Ilikuwa vyumba viwili. Chumba cha nyuma kilikuwa na mitungi ya mbegu za madume, ile inayotoa moshi baridi ukiifungua, na chumba cha mbele kilikuwa na meza, kompyuta, na dirisha lililoingiza harufu ya unga wa maziwa ya ndama kutoka dukani. Kazi yetu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mkulima anapiga simu asubuhi kwamba ng'ombe yake iko joto, kijana wangu anapanda pikipiki na mtungi mdogo, na kabla ya saa sita kazi imekwisha. Nilianza na pikipiki moja na Barasa, ambaye alikuwa ameacha kiwanda cha nguo akaenda kusomea hiyo kazi. Ilipofika mwaka ninaousema, tulikuwa tunashika boma kutoka Gatuanyaga hadi Ruiru, na sikuwahi kumwomba mtu yeyote anishike mkono.

Sasa, ng'ombe akipandishwa, lazima uandike ni dume gani. Usipoandika, miaka michache ikipita unaweza kumpandisha binti kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na ndama atakayetoka atakuwa mdogo, wa magonjwa, na mkulima hatakusahau maisha yake yote. Kwa hivyo nilimwajiri msichana aliyetoka chuo, jina lake Shiru, akanitengenezea databesi. Kila ng'ombe alikuwa na jina, mama, baba, tarehe, na picha. Picha ilikuwa amri yangu. Shiru alisema picha zitaifanya iwe nzito, nikamwambia mimi nasoma ng'ombe haraka kuliko ninavyosoma maandishi. Na ni kweli mpaka leo. Nionyeshe paji la uso na kiwele, nitakuambia ni wa boma gani.

Uzito huo ndio ulileta mambo. Siku Shiru alipotaka kutoa bakapu, yaani nakala ya akiba, haikuingia kwenye flashi moja. Flashi za wakati huo hazikuwa na tumbo kubwa kama za siku hizi.

"Mzee, naweza kuigawanya," akasema. "Faili nne, flashi nne. Lakini ujue siku ya kuirudisha lazima zote nne zikuwe hapa. Moja ikikosa, hakuna kitu utapata. Si eti utapata robo tatu. Hakuna kitu."

Nikamwambia arudie, kwa sababu nilikuwa nimependa kile nimesikia. Kila mtu wa kwetu anajua sanduku la chama. Akina mama wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu, kila mmoja kwake, ili hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Nimeona kikundi kikikaa miaka mingi bila shilingi kupotea kwa sababu ya kufuli hizo tu. Na hapa msichana ananiambia data yangu inaweza kuwa hivyo! Washindani wangu walikuwa wameshajaribu kumnunua kijana wangu mmoja awape orodha ya wakulima. Basi waje wanunue flashi moja, waende nayo, waikodolee macho.

"Igawanye," nikasema. "Moja utakaa nayo wewe. Moja dada yangu Wambui, Gatuanyaga. Moja Mzee Kariuki wa Kalimoni. Moja Barasa."

"Na ingine nzima tuweke kwa diski kubwa, mzee? Ya kuwa na uhakika?"

"Nakala mbili ni wezi wawili."

"Ai, mzee, hii si sanduku. Kufuli ya sanduku ikikataa mnaita fundi anaikata. Hii hakuna fundi."

Nikacheka. Nilikuwa na pikipiki sita na kiburi cha mtu aliyepanda mwenyewe. Nani angeniambia kitu?

Basi kila mwisho wa mwezi ofisi yangu ikawa kama mkutano wa chama. Wambui anakuja na vumbi la Gatuanyaga kwenye viatu, akilalamika kwamba mandazi ya Thika ni hewa tupu. Mzee Kariuki, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wa maziwa huko Kalimoni na mteja wangu wa kwanza, anatoa flashi yake kutoka mfuko wa ndani wa koti kama anatoa kitambulisho. Barasa alikuwa anaifunga yake kwa shingo, kwenye kamba ya kiatu. Shiru anazichomeka zote nne kwa mstari, anafuta ya zamani anaweka mpya, na sisi tunakunywa chai tukingoja. Siwezi kukudanganya, nilipenda siku hizo. Nilikaa kwenye kiti changu nikaangalia taa ndogo nne zikipepesa, na nikajiona nimejenga kitu ambacho hata mwenye chuo hakukifikiria.

Katikati ya mwaka Barasa alifiwa na shangazi yake. Akaenda magharibi, na kule kwao matanga si mchezo, mtu hazikwi kwa haraka kama barua inayotumwa. Alikaa zaidi ya ruhusa niliyompa. Siku aliyorudi ilikuwa ndiyo siku ya mkutano wa flashi, na wakulima watatu walikuwa wamenipigia simu kwamba ng'ombe zao zimepita joto bila mtu kuja. Aliingia na begi bado mgongoni, Wambui akampa kikombe cha chai.

"Mulembe, watu wa nyumba," akasalimu.

"Mulembe ya nini?" nikamwambia. "Shangazi moja anazikwa mara ngapi?"

"Karanja, tulingoja mtoto wake atoke mbali. Haungezika bila yeye."

"Na ng'ombe za watu zingoje mtoto wa nani? Sikiza nikuambie. Kwa hii ofisi kila mtu anabadilishwa kama betri. Hata wewe."

Wambui akaniita kwa jina letu la nyumbani, la kunizuia. Nilikuwa nimeshasema. Barasa aliweka kikombe chini taratibu, bila kumwaga. Akashika flashi yake kwenye shingo, na nilifikiri ataivua.

"Basi badilisha," akasema, akatoka nayo.

Watu wanatarajia mahali kama hapa niseme kwamba nilikosea. Sisemi. Ng'ombe joto lake ni saa chache, na likipita umemnyima mkulima mwezi mzima wa maziwa. Nilisema vile mwenye kazi anasema. Lakini pia sikuweka mtu mwingine mahali pake. Shiru aliniuliza mwisho wa mwezi uliofuata kama anunue flashi ya nne nyingine au aigawanye mara tatu, nikamwambia aache. Akauliza tena mwezi mwingine. Nikamwambia atoke kwa mlango. Kwa hivyo bakapu ya mwisho tuliyokuwa nayo, iliyokamilika, ilikuwa ile ya mwezi kabla ya ugomvi, vipande vitatu kwa watu wetu na cha nne kwenye shingo ya Barasa.

Halafu stima ikapotea Thika asubuhi moja, ikarudi kwa nguvu. Taa ya juu ilipasuka kwanza. Kompyuta ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, na moshi wake haukuwa wa baridi. Fundi wa kompyuta alikuja, akaifungua, akanusa, akatingisha kichwa. Nilipanda hadi Nairobi na diski kwenye mfuko wa karatasi, kwa ofisi moja yenye viyoyozi, na mtaalamu wa huko aliniambia laki moja na themanini, bila ahadi. "Bila ahadi" alisema kwa Kiingereza, kana kwamba kwa Kiingereza ingekuwa ahadi. Nilichukua diski yangu nikarudi.

Wakati huo huo kampuni moja ya vijana wenye digrii ilikuwa inazunguka Kalimoni ikisema Karanja amepoteza kila kitu na sasa anapandisha kwa kubahatisha. Kamati ya ushirika ikaniita. Mzee Kariuki ndiye alikuwa mwenyekiti, na hakunipendelea hata kidogo, ingawa flashi yangu ilikuwa kwenye koti lake wakati anaongea.

"Karanja, hapa tuna ng'ombe karibu mia nne," akasema. "Nusu ni za mbegu zako. Kama hujui baba zao, tutazipandisha na nini? Jumamosi tunakaa tena. Uje na rekodi ama uje na kwaheri."

Kuondoka Kalimoni kungekuwa kuondoka kila mahali. Ruiru wangefuata, Gatuanyaga wangefuata, na mimi ningebaki na mitungi ya moshi na pikipiki za kuuza. Nilienda kuchukua kipande cha Wambui. Alikuwa amekiweka ndani ya mkebe wa majani chai, kimefungwa kwa karatasi ya mkate, na alikataa kunipa mpaka ninywe uji.

"Na cha Barasa?" akaniuliza.

"Tutajaribu na tatu."

"Shiru alisema nini kuhusu tatu?"

"Shiru ni mtoto."

Tulijaribu na tatu, kwa kompyuta mpya. Nilisimama nyuma ya Shiru nikamwamuru abonyeze. Hakubishana, alibonyeza. Nilikuwa nimetarajia angalau ianze, ifike mahali ikwame, nione ng'ombe wawili watatu. Haikuanza hata. Iliandika sentensi moja nyekundu na ikanyamaza. Nikamwambia anisomee.

"Inasema kuna kipande hakiko."

"Ijaribu tena."

"Mzee, hata ukiipigia magoti. Robo ya kila ng'ombe iko kwa Barasa. Si ng'ombe wengine hapa wengine pale. Kila mmoja, robo yake iko pale."

Hapo ndipo nilielewa sanduku langu vizuri. Nikavaa koti nikaenda Gatongora.

Nyumba ya Barasa wakati huo ilikuwa ya mabati, kwenye ploti ileile wanayosema nilimnunulia. Alikuwa ameshailipia kabla hajanijua, kwa pesa za kiwanda, na hilo mtu yeyote angeweza kumwuliza. Sebule ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na wufa ileile kwenye kona, ikiimba. Nilikuwa nimefanya kazi na huyo mtu miaka mingi bila kuingia kwake. Nilikuwa na sheria yangu, sili kwa watu wa kazi. Mama Nafula, mkewe, alinitazama kutoka juu hadi chini, akaingia jikoni bila kunisalimu. Barasa hakuinuka.

"Karibu, mwenye betri," akasema.

"Nataka flashi yangu."

"Najua. Mji wote unajua. Keti."

"Sikukuja kuketi, Barasa. Na sikukuja kusema pole."

"Nani ameomba pole? Pole yako itakukwama kwa koo, tukuitie ambulensi. Keti ule. Kisha tuongee mambo ya flashi."

Nikaketi. Mama Nafula akaleta ugali mkubwa kama tairi ya wilbaro, kuku wa kienyeji na mboga chungu ya kwao. Akaniwekea firigisi. Nilijua maana yake, kwao kipande hicho hapewi mtu wa kupita, na nilijua pia ananipa kwa hasira, kunionyesha vile watu hufanya. Nilikula. Niliongezewa nikala tena. Mwimbaji kwenye wufa aliendelea kuimba.

"Iko wapi?" nikauliza nikinawa.

Barasa akaelekeza kidevu kwenye kona. "Si inaimba."

Nikaangalia. Flashi yangu ilikuwa imechomekwa kwenye wufa, kamba ya kiatu ikining'inia. Nikainuka, mikono ikidondosha maji. "Mmeifuta! Mmeweka nyimbo!"

"Punguza sauti, uko kwa watu. Nyimbo ziliingia kwa nafasi iliyobaki. Hiyo kitu yenu iko hapo, wufa haiwezi kuisoma, inairuka tu. Watoto waliniambia baba futa hii ndude kubwa tupate nafasi. Nikawaambia hapo ndani kuna ng'ombe za watu, atakayegusa ataniona."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuichomoa wakati Mama Nafula alisimama mbele ya wufa, mikono kiunoni.

"Wee! Na nyimbo zangu? Hizo ni za kwaya yetu, na zingine wenye kuimba walishatuacha. Hii flashi haitoki kwa hii nyumba mpaka ingine iingie ikiimba. Hizo hizo, vile zinafuatana."

"Mama, nitakuletea hata kumi. Wacha niende nayo nikazinakili."

"Uende nayo? Wewe? Mtu wa betri?"

Barasa alicheka mpaka akashika mbavu. Ikabidi twende Ruiru mjini, mimi na Mama Nafula, yeye akiwa na flashi imefungwa kwa ncha ya leso, mimi nyuma yake kwenye jua kama mtu aliyekamatwa. Kwenye duka la nyimbo na sinema nilichagua flashi mpya, nikaifunga uzi wa buluu wa kufungia majani ya ng'ombe, uliokuwa mfukoni, ili zisichanganyike. Mwenye duka akachomeka ile ya zamani, macho kwa skrini, taya likitafuna.

"Mathe, kuna ndude hapa imekula nafasi yote. Nikufutie?"

"WACHA!" tulipiga kelele pamoja, mpaka wateja wakatoka kuangalia kama ni mwizi. Mama Nafula alikuwa ameshika mkono wa huyo kijana kwa nguvu, na mimi nilikuwa nimeshika wa Mama Nafula. Akanitazama. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaniambia niachilie, nitamvunja.

Alisikiliza mwanzo wa kila wimbo kabla ya kunipa flashi yangu. Nilingoja. Siku hiyo nilikuwa nimejifunza kungoja, na sijasema nilipenda.

Ijumaa Shiru alichomeka vipande vinne kwa mstari. Mstari wa kijani ulianza kutambaa, na ng'ombe wa kwanza aliyetokea alikuwa wa Kalimoni, mweusi mwenye nyota pajini, wa Mzee Kariuki mwenyewe. Rekodi za miezi iliyokosekana tulizijaza baadaye, tukizunguka boma kwa boma tukiuliza na kupiga picha upya. Jumamosi mzee alinijaribu mbele ya kamati na mbele ya vijana wa digrii, akauliza mama wa mama wa ng'ombe wake. Nikampa, na picha. Wale vijana walikunja mabango yao. Baadaye mmoja wao alinitumia barua ya kuomba kazi, nikampa.

Nilimrudishia Barasa flashi yake, na mwisho wa mwezi aliingia ofisini nayo kwenye shingo, akaketi kwenye kiti chake akauliza kama chai ya hapa bado ni maji. Hatukuzungumza juu ya betri tena, hata ugonjwa ulipomlaza. Na databesi yangu bado naigawanya mara nne. Nasikia Shiru ana nakala nzima mahali anapojua yeye. Sijauliza.

Kesho naenda magharibi kumzika, na nitakaa matanga kadiri ninavyotaka, ng'ombe wangoje. Lakini nirudi kwa lile hema. Wale wawili walipokuwa wanabishana ploti na laki, niliinuka kwenda kumsalimu Mama Nafula mlangoni, na nikaona kitu kando ya wufa. Uzi wa buluu, umefifia kabisa, ukining'inia kwenye flashi iliyokuwa inaimba. Mjane aliona ninachotazama. "Hizo hizo," akaniambia, "vile zinafuatana." Nikageukia wale wanaume wawili, nikawaambia kwa sauti ya kusikika hema lote, na ninaandika hapa asije mtu kuongeza wala kupunguza. Sikumnunulia Barasa ploti. Sikumpa laki. Ng'ombe wote wa Thika na Ruiru, pamoja na jina langu, walirudi kwa flashi moja mpya, mia saba, na kunakili nyimbo, mia mbili. Shilingi mia tisa.